Moshi Haujui Mpaka wa Kiwanja

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila jioni bila kulitazama. Ni lile fungu la takataka linalochomwa nyuma ya maduka ya mtaa: maganda, mifuko, sahani za kutupa, nywele bandia za saluni, chupa na maranda, vyote pamoja. Moto unawashwa saa kumi na mbili jioni, watu wanafunga biashara zao, na moshi unabaki ukitembea nyumba kwa nyumba wakati watoto wanakula na kulala.

Wengine mtasema, "Hayo ni mambo ya halmashauri na wataalamu wa mazingira. Ukurasa wa akina mama unahusikaje?" Tunaomba mtuvumilie. Mama lishe ni mama. Mwenye genge ni mama, msusi ni mama. Hata pale mwenye duka alipo baba, mara nyingi anayefagia mbele ya duka na kubeba uchafu ni mke wake au binti yake. Na anayeamka usiku mtoto akikohoa, mnamjua.

MTOTO WA SAA NANE ZA USIKU

Katika kituo cha afya tunapofanya kazi, usiku mmoja wa kiangazi aliletwa mtoto wa kiume wa miaka minne, kifua kimebana. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega, mbavu zinaingia ndani, na kila akitaka kusema neno analikatisha ili avute hewa. Akina mama wenye watoto wa pumu wanaifahamu sura hiyo. Tulimpa dawa ya kuvuta kwa mashine, tukamwekea oksijeni, na kufikia alfajiri alipata usingizi. Ilikuwa mara yake ya tatu kuletwa ndani ya miezi miwili.

Mama yake anauza chipsi kwenye uchochoro wa biashara usio mbali na kanisa letu. Tulimuuliza, kama tunavyowauliza wote, iwapo kuna moshi karibu na mahali anapolala mtoto. Aliinamisha kichwa.

"Nesi, moshi upo kila siku. Na anayeuwasha ni mimi. Leo zamu yangu, kesho ya jirani. Nikiacha mimi, wenzangu watachoma."

Maneno hayo hayakututoka moyoni. Mama yule hakuwa mjinga wala mzembe. Alijua kabisa kinachomuumiza mwanawe, na bado jioni ile alikuwa ameshika kiberiti.

Hebu kwanza tuseme kwa ufupi moshi huo una nini. Una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupita puani na kooni zikafika ndani kabisa ya mapafu. Una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo huipokonya damu nafasi ya kubeba hewa safi. Plastiki za aina ya PVC, kama zile za mabomba na baadhi ya ngozi bandia, zikiungua hutoa sumu zinazoitwa dayoksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka. Mtoto mdogo huvuta pumzi mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Kwa hiyo moshi ule ule unaotuwasha sisi macho, yeye unamfunga kifua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani, wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wake, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hapo moto wa takataka haumo.

KWA NINI KILA MTU ANACHOMA?

Tulikwenda uchochoroni kuuliza. Majibu yalikuwa yale yale. Ada ya taka wanalipa, lakini gari linapita linapotaka. Kizimba cha taka kiko mbali. Kijana wa mkokoteni anataka pesa yake mkononi. Na takataka zikilala, panya na nzi wanakuja, wateja wanakimbia. Basi njia iliyo rahisi ni kiberiti.

Mama wa chipsi alitusimulia kwamba aliwahi kujaribu. Kwa wiki mbili alimlipa kijana wa mkokoteni ampelekee taka zake kizimbani. Faida ya sahani ikapungua. Alipopandisha bei kidogo, wateja wakavuka kwenda kwa jirani, ambaye yeye alikuwa anachoma kama kawaida. "Nilikuwa nalipa," alisema, "na moshi wa wengine bado naupata bure."

Akina mama, hapa pana jambo la kuzingatia sana. Mfanyabiashara mdogo akianza kutunza mazingira peke yake, gharama inakuwa yake, faida inakuwa ya wote, na madhara ya wenzake bado yanamfikia mlangoni. Tusimlaumu akikata tamaa. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Aidha, tusidhani kwamba ufagio peke yake unatosha. Tunaukumbuka mwaka 2015. Kipindupindu kiliingia Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa mikoani, na sisi tulipangiwa zamu kwenye kambi ya wagonjwa. Tarehe 9 Desemba mwaka huo, sherehe za Siku ya Uhuru zilifutwa na nchi nzima ikatakiwa kufanya usafi. Tulitoka na mafagio, majembe na mapanga, na tulifurahi kuona mitaro ikipumua. Lakini uchafu uliofagiwa siku ile ulikwenda wapi? Kwenye mtaa wetu ulikusanywa pamoja, ukachomwa. Kufagia kunahamisha uchafu. Kuuondoa ni kazi nyingine.

HOTUBA YETU ILIYOSHINDWA

Sisi wa umoja wa akina mama kanisani tuliamua kuwaita wafanyabiashara wa uchochoro ule. Walikuja tisa: mama wa chipsi, mama lishe watatu, mwenye genge la matunda na mboga, msusi wa saluni, kinyozi, fundi seremala, na mama mmoja anayeuza mayai ya kuku wake. Tuliwaandalia chai na maandazi. Tukatundika picha ya mapafu ukutani, tukatoa somo. Wote waliitikia, wengine wakaandika. Jioni ile ile moto ukawaka.

Tulikasirika. Tulisema maneno ambayo leo tunayaonea aibu, kwamba watu wa mtaa huu hawafundishiki.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na sherehe katika ukumbi wa kanisa. Tulitumia sahani na vikombe vya kutupa, mamia kwa mamia, maana hakuna aliyetaka kuosha vyombo. Jumatatu asubuhi tukavirundika nyuma ya ukumbi, tukavitia moto. Upepo ulikuwa unaelekea uchochoroni. Mama wa chipsi alipita na mtoto wake mgongoni, akasimama.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu."

Akautazama moto. Akasema kwa upole, "Kumbe na kanisa nalo lina zamu yake."

Hatukuwa na jibu. Tulichota maji tukauzima, na harufu ile ya plastiki ilibaki nguoni mwetu mchana kutwa kazini.

MAFUNGU YA UANI

Mkutano wa pili haukuwa na somo. Tulimwomba kila mmoja aje na takataka zake za siku moja, kama zilivyo, na sisi tukaleta za ukumbi wetu kwanza. Tulitandika maturubai uani, tukagawana glavu, tukaanza kutenga kwa mafungu.

Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la vitu vinavyooza: maganda ya viazi, ya ndizi na ya muhogo, majani ya kabichi, makombo ya wali na ugali. La pili lilikuwa la maranda na vumbi la mbao. Yakafuata maboksi, kisha chupa za plastiki na makopo ambayo wakusanyaji huyanunua kwa kilo. Kulikuwa na ndoo ya mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kuwa meusi, ambayo mwenyewe alikiri kwamba siku zote huyamwaga mtaroni. Mwisho kabisa likabaki fungu dogo la vitu asivyovitaka mtu yeyote: mifuko laini, sahani za kutupa, nywele bandia, pampasi.

Tulisimama tukatazama. Tulikuwa tumezoea kuliona rundo moja linalonuka, na rundo moja lina dawa moja, moto. Lilipotengwa, lililostahili kuitwa takataka lilikuwa dogo kuliko yote.

Ndipo mama wa mayai akamgeukia fundi seremala. "Fundi, haya maranda huwa unayapeleka wapi?"

"Si nachoma."

"Mimi nayanunua, ya kutandika bandani. Nayafuata na pikipiki ng'ambo ya mji."

Banda lake la kuku na karakana ya fundi vilitenganishwa na nyumba mbili tu. Walikuwa wakisalimiana kila asubuhi kwa miaka sita. Watu walicheka sana, halafu wakanyamaza, kila mmoja akaanza kuangalia mafungu ya mwenzake kwa jicho jingine.

Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumekubaliana hivi. Maranda yaende kwa kuku. Samadi ya kuku iende kwa mkulima wa mchicha aliye bondeni, na mchicha urudi kwa mwenye genge na kwa mama lishe. Maganda na makombo yachukuliwe na mfugaji wa nguruwe aliye nyuma ya shule, kila siku saa kumi. Chupa na maboksi yatunzwe kwenye stoo ya fundi hadi yafikie uzito wa kuuza, na pesa yake iingie kwenye mfuko wa pamoja. Mafuta meusi yachukuliwe na mama mmoja wa kanisani anayetengeneza sabuni ya kufulia. Kwa lile fungu dogo lililobaki, wote tisa na ukumbi wetu tuchangie mkokoteni kwa usawa. Msusi alikabidhiwa daftari, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na hana haya ya kudai.

WENZETU WA KALUNDBORG

Tulipomsimulia mwalimu mmoja wa sekondari jambo hili, alicheka akatuambia kwamba kuna mji uliokwisha kufanya hivyo kwa viwanda vizima. Mji huo ni Kalundborg, uliopo pwani ya Denmark. Tuliona ni vizuri kuwashirikisha nanyi kisa hicho.

Huko, mwaka 1972, kiwanda cha kutengeneza mbao za jasi za kujengea kilianza kununua gesi ya ziada ya kiwanda cha kusafisha mafuta ya petroli, gesi ambayo vinginevyo ingeunguzwa hewani bure. Mwaka 1976 kiwanda cha dawa kinachotengeneza insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, kilianza kuwapelekea wakulima mabaki yake yawe mbolea mashambani. Kuanzia mwaka 1981 joto la kituo cha umeme, ambalo lilikuwa likipotea baharini, lilipelekwa kwa mabomba hadi majumbani, na tanuri za mafuta takriban 3,500 zikaachwa. Mwaka 1993 kituo hicho hicho kilianza kusafisha moshi wake, na katika kuusafisha kikapata jasi, ambayo kiwanda cha mbao za kujengea kiliinunua.

Mambo mawili yalitugusa katika kisa hicho. La kwanza, hakuna aliyekaa akapanga mambo yote hayo kwa siku moja. Yalikuja moja baada ya jingine, kwa miaka mingi, kila wawili wakiona faida yao katika makubaliano yao. La pili, mji ni mdogo na wakuu wa viwanda walikuwa wakifahamiana. Mtu humuuliza jirani anayemwamini, "Hiki unakitupa wapi?" Swali la mama wa mayai ndilo hilo hilo. Kilichochelewesha uchochoro wetu kwa miaka sita hakikuwa ukosefu wa mitambo. Watu walikuwa hawajaulizana.

YALIYOHARIBIKA

Tusiwadanganye kwamba yote yalikwenda vizuri. Mwezi haujaisha, mfugaji wa nguruwe alikuja amefura. Nguruwe wake mmoja alikuwa ameumia koo. Ndani ya makombo kulikuwa na vijiti vya meno na vipande vya mifupa. Aliacha kuja. Kwa siku kumi maganda yalirundikana, na usiku mmoja mtu akayawashia moto. Mama wa chipsi alikuja kituoni na mtoto wake usiku huo huo.

Ilibidi tukae tena. Mama lishe wakaweka ndoo mbili, moja ya chakula na moja ya mifupa na vijiti, na wakawaomba wateja wao wasichanganye. Mfugaji naye tulimkumbusha achemshe makombo kabla ya kuwapa nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na inaweza kuingia zizini kupitia mabaki ya nyama ya nguruwe ambayo hayakuchemshwa vya kutosha. Akasema alikuwa hajui. Siku iliyofuata alirudi na toroli lake.

Jambo jingine lilituhusu sisi wauguzi moja kwa moja. Katika fungu la kinyozi tulikuta nyembe zilizotumika, zimefungwa kwenye gazeti. Mtoto akichezea, au kijana wa mkokoteni akishika, anaweza kupata virusi vya homa ya ini aina ya B au vya UKIMWI. Tuliwaambia wazi: nyembe na sindano haziingii katika fungu lolote. Ziwekwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, kikijaa robo tatu kiletwe kituo cha afya, ambako kuna tanuri yake. Msusi aliongeza na nyembe zake za kuchongea nyusi.

Hali kadhalika, mmoja kati ya wale tisa alijitoa. Alisema mchango ni mzigo na yeye taka zake ni chache. Bado anachoma, ingawa si kila siku. Tunamsalimia, tunanunua kwake, na daftari lina nafasi ya jina lake.

SHERIA NA MAKUBALIANO

Wako watakaosema dawa ni sheria tu. Sheria ina nguvu yake, na tumeiona. Mnakumbuka mifuko ya rambo? Zanzibar waliipiga marufuku mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya hapo, muuza duka aliyewanyima wateja mfuko aliwapoteza. Baada ya tarehe ile maduka yote yalikuwa sawa, hakuna aliyemkimbia mwenzake, na sisi tukarudia vikapu vya mama zetu. Kanuni inayowabana wote kwa siku moja haimuumizi mmoja.

Lakini sheria haiwezi kusimama kila uchochoro kila jioni. Makubaliano ya majirani yanaweza. Mama lishe wetu watatu na mama wa chipsi walichagua Jumatatu moja, wote wanne wakaacha kutumia sahani za kutupa kwa wateja wanaokula pale pale. Anayebeba chakula aje na bakuli au hotipoti yake, na asiye nayo analipia kifungashio. Wateja walinung'unika kwa wiki ya kwanza, lakini waende wapi? Kote jibu lilikuwa moja.

Baada ya hapo wanne hao wakaanza kucheza upatu wa majiko ya gesi. Kila mwezi mmoja anapokea, ananunua jiko na mtungi. Kama mlivyosikia, serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Hilo ni lengo kubwa, na kwa mama anayepikia maharage ya watu arobaini kwa mkaa, bei ya mtungi ni mlima. Wakipanda wanne wakisaidiana, angalau kila mmoja anajua zamu yake ni lini. Wawili wamekwisha kupokea. Maharage bado wanayachemsha kwa mkaa, kwa sababu gesi inakwisha haraka, lakini chai, wali na mboga ni kwa gesi.

UKITAKA KUANZA MTAANI KWAKO

Kwa mama anayependa kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Anza na uchafu wako mwenyewe. Kama umoja wenu, shule yenu au ukumbi wenu unachoma, acheni ninyi kwanza. Hakuna atakayewasikiliza moshi ukiwa unatoka kwenu.

2. Waite wachache walio jirani kabisa. Tisa wanatosha, hata watano. Waje wote siku moja, maana asiyekuwepo ndiye atakayepandishiwa lawama.

3. Tengeni taka mbele ya macho ya wote. Maneno hayaonyeshi kile ambacho mafungu yanaonyesha. Tumieni glavu, na watoto wasiwepo.

4. Kila fungu liulizwe swali moja: nani kati yetu, au karibu yetu, analinunua kitu hiki au anakihitaji? Waiteni na wafugaji na wakulima wa bustani.

5. Kila makubaliano yawe na faida kwa pande mbili. Mtu anayefanya kwa hisani tu huchoka. Anayefanya kwa sababu anaokoa nauli ya pikipiki hachoki.

6. Vitu vyenye ncha kali, dawa zilizopitwa na wakati na betri visichanganywe na vingine. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu, au ofisi ya afya ya kata, vipelekwe wapi.

7. Liwepo daftari, na mtu mmoja wa kulitunza. Fedha ndogo isiyoandikwa huvunja urafiki mkubwa.

8. Mkianza mambo na baba zenu nyumbani wakauliza kwa nini mnatumia muda kwenye takataka, wahesabieni mlichokilipa hospitali mwaka jana kwa ajili ya vifua vya watoto.

Akina mama, mchuma janga hula na wa kwao. Kiberiti cha jioni hakiishii kwa aliyekiwasha, wala kwenye kiwanja chake. Lakini vile vile mema yanayofanywa na wengi huwafikia hata wasiochangia, naye yule mmoja aliyejitoa sasa analala na hewa nafuu kuliko mwaka jana. Tumeamua tusimwonee kijicho.

Na mtoto? Hajapona pumu, maana pumu haiponi kwa kutenga taka. Mama yake bado ana dawa ya kuvuta nyumbani, na tumemfundisha kuitumia kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa, ili dawa ifike kifuani isibaki mdomoni. Hatusemi kwamba moshi ndio uliokuwa sababu pekee. Tunachoweza kusema ni kwamba tangu ule usiku wa maganda hajaletwa tena kifua kikiwa kimebana. Tulimwona kituoni mwezi uliopita, mchana kweupe. Alikuwa na jeraha gotini. Mama yake alisema, akijifanya amekasirika, kwamba siku hizi anakimbia mno.

Tulimsafisha, tukamfunga bandeji. Alilia kwa sauti kubwa sana, pumzi ndefu, bila kukatisha.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia majumba yenye amani na vifua vyepesi.